Fungu la Mezani

Dar es Salaam,
1 Desemba 1977

Mpendwa Mwanaiddi,

Nakuandikia nikiwa na furaha ambayo sijaizoea, na kwa kuwa sijaizoea naiogopa kidogo. Ofisini kwetu kila mtu anatembea kama aliyevaa viatu vipya. Hebu fikiri: mwaka huu ulipoanza Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, na hakuna aliyejua kama Mpanda ingeona ndege tena. Leo tunaumaliza tukiwa na shirika la ndege letu wenyewe, mikia ya ndege imepakwa rangi mpya, na walinzi wapo hata katika viwanja ambako zamani mlinzi alikuwa mbuzi.

Sasa nina ombi la kikazi. Kila kiwanja kimetakiwa kiandike taarifa ya kuufunga mwaka: yaliyopita, na yanayotarajiwa mwakani. Mzee Telesphor, kama mkuu wa walinzi wa Mpanda, ataitia sahihi, lakini najua kalamu itakuwa yako. Andika kweli tupu. Itasomwa na Mkaguzi Mkuu wetu, Ndugu Salvatori, ambaye ni mtu wa haki na wa maneno machache, na mtu wa aina hiyo ni vigumu kumjua.

Nikukumbushe jambo unalolijua. Wewe ni mwanamke wa kwanza kukagua abiria katika viwanja vidogo. Muda wako wa majaribio unakwisha pamoja na mwaka. Ukithibitishwa kazini, Sumbawanga na Kigoma nao wataajiri wanawake. Usipothibitishwa, wapo humu ndani watakaosema kwamba tulijaribu na haikufaa, na hapo mlango utafungwa kwa miaka. Sikuandikii haya ili kukutisha. Au pengine nakutisha, nami sitaki kukiri.

Jambo la mwisho. Maagizo ya ukaguzi niliyatunga mimi, kama ujuavyo, na lile ninalojivunia ni moja: abiria aufungue mzigo wake mwenyewe mezani, mkono wa mkaguzi usitangulie. Niliona kwamba ndivyo heshima ya mtu inavyolindwa. Uniambie kama huko nako inaonekana hivyo.

Akupendaye tangu bwenini,
Pelagia


Mpanda,
6 Desemba 1977

Pelagia mwenzangu,

Barua yako imeshuka na ndege ya Ijumaa, na hii inapanda na ya leo Jumanne. Taarifa ya ofisi iko ndani ya bahasha ya kaki. Humu naandika kama nilivyozoea kukusimulia, bila "Ndugu" wala mhuri.

Mwaka gani huu! Januari kiwanja kilikuwa kimya hata watu wa Mwamkulu wakaanza kukikatiza na mikokoteni yao. Kisha siku moja anga ikanguruma, na Mzee Telesphor akadandia baiskeli yake akaenda mbio kutoka mwanzo wa kiwanja hadi mwisho, anapiga kengele, anafukuza mbuzi, anapiga kelele, "Ondokeni nyie! Serikali inatua!" Nilikuwa bado dukani kwa baba. Nilicheka hata nikamwaga chumvi ya mteja.

Sasa mimi nami ni Serikali. Mkanda wa sare unanizunguka mara mbili, lakini kofia imekaa sawasawa.

Kabla sijaajiriwa ukaguzi wa kina mama ulikuwa hauwezekani. Yupo mkunga wa kwenu Mamba, Mama Romana, bila shaka unamjua. Alikuwa akiukumbatia mzigo wake kifuani akamwambia Mzee Telesphor, "Wanao wote nimewapokea mimi kwa mikono hii. Leo wewe ndiye wa kuziona kanga zangu?" Na Mzee alikuwa akitazama pembeni na kumpitisha. Tangu meza yangu iwekwe, mzigo anaufungua mwenyewe, tena kwa madaha, kama anayemwonyesha bibi arusi vyombo vyake. Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo. Agizo lako hapa limependwa kuliko unavyodhani.

Limependwa hata watu wanaacha vitu! Huyu akimaliza kufungua anaweka mezani konzi ya karanga, yule kibaba cha mchele wa Mamba, mwingine dagaa wa Ikola amefunga kwenye jani. Hawasemi kitu. Wanaweka, wanafunga mzigo, wanakwenda kukaa kwenye benchi. Mwanzoni niliona haya. Sasa huwa tunapika, tunakula sote, walinzi na abiria, tukiisubiri ndege. Rubani naye huwa anauliza kwa mbali, "Leo kuna nini?" Mzee Telesphor anasema hajawahi kunenepa kazini mpaka mwaka huu wa shirika jipya.

Kwa mwakani tumeomba paa juu ya benchi, ukuta wa seng'enge, na mizani isiyodanganya. Mimi mwenyewe naomba moja tu, unalijua. Kila nikiivua kofia jioni naitazama, nawaza kama Januari nitaivaa.

Yote haya nimeyaandika kwenye taarifa, hata ya karanga. Si ulisema kweli tupu?

Wako,
Mwanaiddi Mohamedi, Serikali


Dar es Salaam,
15 Desemba 1977

Mpendwa Mwanaiddi,

Nimeianza barua hii zaidi ya mara moja, na sasa ni afadhali niiandike hata kama haijakaa vizuri.

Ndugu Salvatori ameisoma taarifa yenu. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba abiria huacha vyakula mezani nanyi hula, alipiga mstari mwekundu, akaniita. Akaniuliza, "Dada Pelagia, mtu anayekaguliwa anapomwachia mkaguzi kitu, jambo hilo huitwaje?" Nikasema inategemea. Akasema, "Leo karanga. Kesho mbuzi. Keshokutwa hakuna ukaguzi." Lililonisumbua ni kwamba hakukosea. Kama ningeisoma taarifa hiyo kutoka kiwanja nisichokijua, ningepiga mstari ule ule.

Amepanga kuja mwenyewe. Atashuka Mpanda kwa ndege ya tarehe 27 na kuondoka nayo tarehe 30. Atakaa kwenye meza yako na kuandika atakachokiona, na kwa maandishi hayo utathibitishwa au utaachishwa.

Kwa hiyo nakuomba, na hapa nasema kama ofisi: kuanzia ndege ijayo usipokee chochote. Mtu akiacha kitu mezani, mrudishie mkononi mbele ya watu wote, ili ionekane wazi kwamba hakikupokewa. Nimelipima jambo hili nikaona ndilo salama zaidi. Sina uhakika kwamba nimelipima kwa mizani sahihi, lakini siku zilizobaki ni chache.

Usivunjike moyo. Tumefika mbali mno kuangushwa na karanga.

Pelagia


Mpanda,
20 Desemba 1977

Pelagia,

Nimefanya ulivyoniagiza. Sikiliza matokeo yake.

Leo benchi lilikuwa limejaa wanawake wa Mamba, na wa kwanza mezani alikuwa Mama Romana. Anakwenda Tabora kwa binti yake anayejifungua mtoto wa kwanza wakati wowote kuanzia sasa. Binti kamwambia hataki mkunga mwingine. Mama akafungua mzigo, nikakagua mpaka chini, kila kitu sawa, akaweka kibaba cha mchele mezani. Nikakichukua kwa mikono miwili, nikamnyooshea.

"Mama, chukua kilicho chako."

Akakitazama. "Kina nini?"

"Hakina kitu, Mama. Ni kanuni tu."

"Kanuni imeona nini ndani ya mchele wangu?"

"Haikuona kitu."

"Binti Mohamedi, umetia mkono wako mpaka chini kabisa. Nilicho nacho duniani umekiona. Halafu unanirudishia, tena mbele za watu? Kama umeona mimi mchawi, sema, wote wasikie!"

Mzee Telesphor akajaribu kuingilia. "Mama, hii amri imetoka Dar."

"Basi Dar ndio wanaoniita mchawi, na wewe umewabebea maneno yao. Na watoto wako nilivyowapokea!"

Akafunga mzigo. Akasema atakwenda kwa treni, akaondoka. Benchi zima likasimama likamfuata. Mmoja aliyekuwa nyuma akanigeukia: "Na sisi mizigo yetu usiitazame." Ndege ikaruka na mabwana wawili wa ofisi ya wilaya na mfuko wa barua. Rubani kaniuliza abiria wako wapi. Nikamwambia wameudhika. Akasema, "Huko Dar ratiba ya mwakani inapangwa sasa hivi, na viti vitupu vinahesabika."

Mzee Telesphor alikaa peke yake kwenye benchi tupu. Kisha akaniambia, "Umerudisha fungu. Afadhali ungempiga kibao." Nikamwomba anieleze. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu huamkiana.

Mimi ni mtoto wa duka. Kwetu mtu akifungua mzigo mezani anauza, na asipouza anafunga, basi. Nilidhani wale kina mama walikuwa wananishukuru. Kumbe palikuwa na jambo ambalo kila mtu pale alilijua isipokuwa mimi. Lakini wewe, Pelagia, ni mtoto wa Mamba. Mbona hukuniambia?

Treni yenyewe haiendi. Mvua imekata njia kabla ya Kaliua. Mama Romana yuko kwa shemeji yake hapa mjini, anahesabu siku za binti yake, na ndege anaiona ikipita juu.

Mwanaiddi


Dar es Salaam,
24 Desemba 1977

Mpendwa Mwanaiddi,

Swali lako limenikuta mkesha wa Noeli, watu wakiwa wameondoka ofisini, na nimelikalia mpaka sasa. Kwa nini sikukuambia? Jibu la kweli ni kwamba sikujua kuwa ninajua.

Mama yangu akirudi sokoni na kikapu hakukifungua njiani. Ilipombidi akifungue, labda kwa sababu ya mvua au kamba kulegea, aliyekuwa karibu yake alipata fungu, hata kama ni viazi viwili. Tulipokuwa wadogo tulimkimbilia kila alipokishusha, tukitumaini kamba imelegea. Sikumbuki kuelezwa sababu. Nikijaribu kuieleza leo nitasema hivi: aliyekiona kilichomo katika mzigo wako ameingia katika safari yako, na ukifunga bila kumwachia kitu unaondoka na macho yake juu ya mali yako. Yeye akikataa fungu, anasema ameona humo kitu ambacho hataki kishirikiane na tumbo lake. Lakini haya ni maelezo ya mtu aliyesomea maelezo. Sijui hata kama ni desturi ya sisi Wapimbwe wote au ya mama yangu na majirani zake tu. Mama Romana angekucheka ukimsomea.

Kisha nikaketi Dar es Salaam nikatunga agizo la kila abiria kuufungua mzigo wake mbele ya mkaguzi. Nikaliita heshima. Kwa mtu wa Mamba nilikuwa nimeandika: kila msafiri amwachie mkaguzi fungu. Na wewe nikakuamuru ulikatae. Desturi nilikuwa nimeiweka upande mmoja wa kichwa, na maagizo upande mwingine, bila njia ya kupita katikati.

Nimemwandikia Ndugu Salvatori waraka mrefu kueleza yote haya, nikautia katika jalada lake la safari. Nimejitahidi hoja zisimame. Hata hivyo naona zinavyoyumba. Kibaba cha mchele ni fungu. Je, siku mfanyabiashara atakapoacha redio? Mstari utapita wapi, na nani atauchora? Sijui. Nimeandika katika waraka kwamba sijui, jambo ambalo wakubwa hawalipendi.

Sitakuagiza tena. Aliye mezani ni wewe. Barua hii itashuka kwa ndege ile ile atakayokuja nayo, na utakuwa na siku chache za kuamua kabla ya ndege ya kurudi. Lolote utakaloamua, nitasema ofisini kwamba nililijua na nililikubali.

Mwakani, Mwanaiddi, nataka tuwe na mwaka ambao hatutajifunza mambo kwa namna hii. Ingawa sijui kama kuna namna nyingine.

Noeli njema kwa majirani zako, na salamu zangu kwa Mzee Mohamedi dukani.

Pelagia


Mpanda,
30 Desemba 1977

Pelagia, Pelagia, Pelagia!

Ndege imeondoka sasa hivi, vumbi halijatulia. Keti kwanza.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama palepale kiwanjani, Ndugu Salvatori akishuka ngazi na mkoba wake. Mtu mrefu, suti ya Chou En-lai imenyooka kama imepigwa pasi akiwa ndani yake. Akatusalimu kila mmoja kwa mkono, akaomba kiti, akakiweka pembeni ya meza yangu, na maneno yakaishia hapo.

Usiku ule nilifikiri, asubuhi nikapata la kufanya. Nilichukua mkoba wangu mwenyewe nikaenda kwa shemeji yake Mama Romana. Alikuwa uani anachambua mchele. Hakuniitikia salamu. Nikakaa chini mbele yake, nikaufungua mkoba, nikatoa kimoja kimoja: kitana, kanga, kioo, soksi yenye tundu, barua zako, na pakiti ya sukari niliyoitoa dukani. Vyote nikavipanga mkekani akavitazama. Kisha nikavirudisha vyote isipokuwa sukari.

Wajukuu wa shemeji wamejaa mlangoni. Mama akainyanyua ile pakiti, akaipima mkononi.

"Sukari nusu kilo," akasema. "Kweli huyu mtoto wa duka!"

Uani kote kukavunjika kicheko, na mimi nikalia. Akanifuta kwa ncha ya kanga yake, akaniambia, "Na hiyo soksi ishone, Binti Mohamedi, isije ikakuaibisha mbele ya mabwana." Binti yake bado hajajifungua, habari imeletwa na dereva wa lori. Akasema Ijumaa atapanda ndege, na wenzake watapanda.

Kwa hiyo leo benchi limejaa tena. Ndugu Salvatori yuko kwenye kiti chake na kalamu. Mama Romana akafungua, nikakagua, akaweka kibaba cha mchele, nikakipokea kwa mikono miwili. Kalamu ikaandika. Akaja mwingine, dagaa, nikapokea, kalamu ikaandika. Karanga, ikaandika. Nilijua kila ninachokipokea kinanitoa kofia kichwani, na nikapokea. Sikuona namna nyingine ya kuwatazama usoni.

Abiria wa mwisho alikuwa yeye mwenyewe. Akasimama, akaja mbele ya meza, akaweka mkoba, akasema, "Endelea na kazi." Nikamwambia, "Tafadhali fungua mwenyewe, Ndugu." Akafungua. Shati, majalada, taulo, na chini ya taulo, kisu. Kisu kipya cha mhunzi wa hapa sokoni, mpini wa mpingo, ala ya ngozi, kirefu kama mkono wa mtoto. Nadhani alikinunua akasahau kuwa ni kisu.

Nikasema, "Ndugu, hiki hakipandi na abiria."

"Najua," akasema. "Anapewa rubani, nakichukua Dar es Salaam. Agizo la saba."

Nikakichukua nianze kumpelekea rubani. Na hapo ndipo nilipoona nyuso za benchi. Wao hawajui agizo la saba. Wameona mtu amefungua mzigo mbele ya watu na kitu kimebaki mezani, kitu kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kubaki. Mama mmoja alikuwa amekwisha kuweka mkono mdomoni tayari kwa kigelegele. Ndugu Salvatori naye akawaona. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nikikichukua, hapa itakuwaje?"

"Watasema umelirudisha fungu lako, Ndugu."

Akakitazama kile kisu namna mtu anavyokitazama kitu alichokinunua kwa bei nzuri. Kisha akaikunja taulo, akafunga mkoba.

"Acha kikae," akasema.

Pelagia, vile vigelegele! Mbuzi walitoka mbio hadi Mwamkulu. Mama Romana akasimama akampigia makofi ya kwao, magoti yakikunjika kidogo, akasema, "Huyu amelelewa na mama!" Na Mkaguzi Mkuu wa viwanja vidogo akainama naye akapiga makofi, vibaya sana, kama anayeua mbu. Kisha akapanda ngazi, akagonga kichwa mlangoni. Mama Romana akakaa kiti cha pembeni yake. Kupitia kioo nilimwona anamhoji, bila shaka ukoo wake na idadi ya watoto.

Alichokiandika sikukiona. Karatasi alizifunga na mkoba. Pengine kalamu ilikuwa imekwisha kunihukumu kabla ya kisu, na mtu wa haki hafuti alichoandika. Sijui, na sitajua mpaka uniambie. Ila nikiulizwa mwaka huu nilifanya nini, nitataja siku ya leo kabla ya siku niliyoivaa kofia.

Kisu nimekifungia kabatini. Mzee Telesphor anazunguka kabati na nanasi mkononi.

Mwanaiddi


Dar es Salaam,
2 Januari 1978

Mpendwa Mwanaiddi,

UMETHIBITISHWA. Nimeliandika kwa herufi kubwa, kosa ambalo huwa nawasahihisha makarani wangu, na silifuti.

Barua yako ya mwisho wa mwaka haijanifikia, kwa hiyo sijui yaliyotokea huko. Asubuhi ya leo Ndugu Salvatori aliingia, akavua kofia, nikaona ana nundu ndogo kwenye paji la uso. Akaketi, akasema, "Andika. Mwanaiddi Mohamedi athibitishwe kuanzia tarehe moja. Viwanja vya Sumbawanga na Kigoma vitafute wanawake kabla ya Machi." Nikaandika. Nikamwuliza kuhusu vyakula vya mezani. Akasema, "Utaratibu wa pale unaifaa kazi." Nikamwuliza ni kwa sababu gani amefikia uamuzi huo. Akasema, "Nimetafakari."

Ninaamini ni ule waraka wangu. Sipendi kujisifu, na hujui nilivyouchukia nilipoumaliza, lakini hoja ya ukurasa wa pili, ile ya kutofautisha kinachoachwa hadharani na kinachopokewa kwa siri, naona ilimgusa. Inatia moyo kuona kwamba neno lililojengwa kwa uangalifu linaweza kumbadilisha mtu makini.

Ajabu moja tu. Alipoletewa chungwa wakati wa chai alipapasa mkobani, kisha akalimenya kwa kucha, akitabasamu peke yake.

Heri ya Mwaka Mpya, mkaguzi uliyethibitishwa!

Pelagia


Dar es Salaam,
5 Januari 1978

Mpendwa Mwanaiddi,

Barua yako ya tarehe 30 imefika. Niliisoma ofisini nikacheka hadi mhudumu akaniletea maji. Kisha nikaenda kwenye jalada la safari la Ndugu Salvatori. Waraka wangu umo, umebanwa kwa pini kama nilivyoubana, bahasha haijafunguliwa. Naomba yale niliyoandika juzi kuhusu ukurasa wa pili uyasome kwa huruma.

Yeye sikumwambia kwamba najua. Nilimpelekea tu rasimu ya maagizo ya mwaka huu mpya, ambamo nilikuwa nimeongeza ibara kuhusu fungu la mezani: kwamba lipokelewe, liliwe hadharani, na lisizidi kiasi fulani. Aliisoma polepole, akaikata yote.

"Usiliandike hili," akasema.

"Kwa nini, Ndugu? Si linafaa?"

"Linafaa. Lakini likiandikwa, itanibidi nieleze kisu kiko wapi."

Alinyanyua macho kutoka kwenye karatasi, akanikuta nami namtazama, na sote wawili tukawa watu waliokamatwa. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Katika miaka yangu yote ya ofisi hii sikuwahi kulisikia cheko lake. Ni jembamba, si la mtu mrefu vile. Kisha akaniambia ambalo wewe hujalisikia: walipotua Tabora Mama Romana alikataa kushuka mpaka ameagwa sawasawa, na juzi Ndugu Salvatori ameletewa habari kwa simu ya upepo kwamba binti amejifungua salama, mtoto wa kiume, na mama mkunga anauliza kama yule bwana wa kisu ana afya.

Nimewaza sana kama alikuwa na haki kuikata ile ibara. Jambo lisiloandikwa halina wa kulilinda. Akija mkaguzi mwingine, mgumu zaidi, utasimama na nini? Kwa upande mwingine, nilipojaribu kupanga kiasi, nilijikuta naandika "lisizidi kibaba kimoja", na hapo hapo nikaona linageuka kuwa ushuru. Nimeliacha. Pengine nimekosea, na kama nimekosea utakuwa wa kwanza kuniandikia.

Ndani ya bahasha hii imo barua yako ya kuthibitishwa kazini, mhuri umekaa sawa na sahihi yake iko chini. Haisemi lolote kuhusu mchele, wala dagaa, wala kisu. Inasema tu kwamba umeonekana unafaa. Usiisome peke yako. Ngoja siku ya ndege, benchi likiwa limejaa, uifungue mezani mbele yao.

Pelagia